SOMO: Kutoga sikio sehemu ya juu na kulitunza mpaka lipone kweli

Mimi ni msusi hapa Nakuru. Mteja akishaketi kwenye kiti changu, hata mstari wa kwanza wa nywele haujaisha ashaniuliza: dada, hicho kipini cha juu ulitogwa wapi, kiliuma, na mbona cha kwangu kimeota nundu? Nimejibu mpaka mate yamenikauka. Naandika leo, mara moja, na atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa. Si daktari. Ninayoyajua nimeyajua kwa sababu sikio langu la kushoto limetogwa mara mbili, na ile ya kwanza niliiharibu kwa mkono wangu mwenyewe.

1. Kagua makovu yako. Kama kidonda chako chochote, cha kuungua au cha tetekuwanga, kiliwahi kuacha kovu lililovimba na kuendelea kukua (keloidi), au mama na dada zako wana hayo, usitoge. Nimemaliza.

2. Kula kwanza. Wanaozimia ni waliokuja na chai ya rangi tupu.

3. Tafuta mtu wa sindano, si wa bunduki ya kutogea. Ndewe ni nyama laini yenye damu ya kutosha, hupona baada ya wiki sita hadi nane. Huko juu ni gegedu, ile sehemu ngumu inayokunjika na kurudi. Gegedu halina mishipa yake ya damu, linategemea utando mwembamba unaolifunika. Bunduki husukuma kipini butu kwa nguvu na kuliponda, na zile za plastiki haziwezi kuingia kwenye mashine ya mvuke ya kuua vijidudu. Sindano iwe ile yenye uwazi katikati, ifunguliwe kwenye pakiti ukiona, glavu ziwe mpya. Akinuna ukiuliza, beba kibeti chako uondoke.

4. Kipini cha kwanza kiwe cha titaniamu, ile inayokubalika kuwekwa ndani ya mwili, kinyooke, kiwe na kisahani bapa nyuma. Shina liwe refu kidogo maana sikio litavimba. Pete baadaye. Vile vipini vya kwenye kadi vya barabarani vina nikeli na ngozi nyingi huikataa.

5. Kutogwa kwenyewe ni kufumba na kufumbua. Sikio litakuwa la moto hadi jioni.

6. Kuosha: asubuhi na jioni, kwa maji ya chumvi ya hospitali, yale ya dripu. Ukiomba "salaini" kwenye kemisti watakuelewa. Nunua chupa ndogo, kubwa ikishafunguliwa haikai. Ukikosa kabisa, robo kijiko cha chai cha chumvi kwenye kikombe cha maji yaliyochemka na kupoa, lakini chumvi yetu ya dukani ina madini joto na wengine huwawasha. Lowesha shashi, shikilia hadi ukoko ulainike, futa, kausha. Pamba huacha nyuzi. Hakuna spiriti, hakuna Dettol, hakuna mafuta ya mgando, hakuna kuzungusha kipini "kisishike". Nani aliwadanganya kwamba kidonda huzungushwa?

7. Usililalie. Chukua leso, ikunje kata kama ya kubebea mtungi, iweke juu ya mto, sikio likae kwenye tundu la kata. Hii nimeigundua mwenyewe na naidai.

8. USIBADILISHE KIPINI MAPEMA. Hapa ndipo nilipoangukia. Wiki ya tisa hakikuuma, hakikutoa maji, ngozi ilikuwa safi. Kulikuwa na harusi ya binamu yangu Kakamega, nikanunua pete ndogo ya dhahabu bandia, nikakitoa kipini ndani ya matatu. Kufika Kapsabet pete inagoma kuingia. Nikaisukuma. Ikaingia, na damu ikafuata. Nilicheza harusi nzima nikitabasamu, na kurudi Nakuru sikio lilikuwa limeiva kama nyanya, nundu imeota nyuma. Niliongeza spiriti, nikaongeza ujinga juu ya ujinga. Mwisho niliitoa pete, tundu likafunga, nikangoja karibu mwaka ndipo nikatogwa tena sehemu nyingine.

Nilichokuwa sijui ni kwamba tundu la gegedu huanza kupona kwa nje, kwenye midomo yake miwili, kisha polepole kuelekea katikati. Kwa hiyo nje patakuwa pazuri ilhali ndani bado ni kidonda kibichi. Hesabu miezi sita hadi kumi na miwili. Kuna badiliko moja tu linaloruhusiwa kabla ya hapo: uvimbe ukiisha, wiki ya sita hivi au ya nane, aliyekutoga akuwekee shina fupi, maana refu hunasa kwenye taulo na rasta. Yeye. Si wewe, si dada yako, si mimi.

MASWALI

Kamaa wa Lanet: Sijasoma yote. Spiriti inafaa?
— Namba 6.

Kamaa wa Lanet: Ni kidogo tu, ya kuua vijidudu.
— Huua na ngozi mpya pia. Namba 6, kaka.

Chebet N.: Dada, langu lina wiki mbili. Linatoa kitu cheupe chenye umanjano, kinakauka kama ukoko. Huo ni usaha?
— Asante kwa kueleza vizuri, mrembo. Maji mepesi yanayokauka ukoko ni ya kupona, yalainishe na salaini, usiyabandue kwa kucha. Usaha ni mzito, unanuka au una rangi ya kijani, na huja na maumivu yanayozidi badala ya kupungua.

Baba Imani: Haya mambo ya kizungu mnayatoa wapi?
— Mzee wangu, Wamaasai wametoga sehemu ya juu ya sikio tangu kabla ya reli. Muulize nyanyako kwanza.

Atieno wa Nyalenda: Sisi wa Kisumu Jumapili ni Dunga. Naweza kuogelea ziwani baada ya mwezi mmoja?
— Hapana, mami, mwezi ni mchanga sana. Kuna bakteria aitwaye Pseudomonas anayeishi kwenye maji na udongo, na ndiye huharibu gegedu mara nyingi. Akiingia, sikio linaweza kujikunja na lisirudi umbo lake. Kaa ufukweni ule samaki. Na jasho la Kisumu, lioshe kila jioni.

Shiko_58: Mimi nilitumia bunduki na sikio liko sawa. Unatisha watu bure.
— Nimefurahi liko sawa. Kuna wanaovuka barabara bila kuangalia pia na wakafika.

Mwanafunzi Njoro: Sehemu yote ya juu imevimba, nyekundu, ina moto, ila ndewe iko kawaida. Nasikia homa. Nioshe mara ngapi?
— Usioshe, nenda hospitali leo hii. Ndewe kubaki salama ni dalili kwamba tatizo liko kwenye gegedu lenyewe, na hapo panahitajika dawa za daktari. Usikubali vidonge vya kubahatisha kwenye kemisti, na usikitoe kipini kabla hujaonwa. Utujulishe, tafadhali.

Wambo: Bei?
— Niliandika kuhusu bei wapi?

Boda wa Free Area: Na sisi wa helmeti?
— Swali zuri sana. Vaa kwa kuteremsha taratibu, vuta upande wa sikio kwa kidole ndipo ushushe. Futa sifongo ya ndani mara kwa mara. Na abiria wenye vipini, waende na helmeti yao, ile ya ziada imevaliwa na mji mzima.

Mama Tash: Simu pia! Nilikuwa nashangaa mbona halitulii, kumbe kila siku naibandika simu hapo hapo.
— Hiyo sikuwa nimeiwaza. Sikio lingine, au spika.

Mwanafunzi Njoro: Nimelazwa, wananidunga dawa. Daktari amesema nimefika mapema. Kipini wamekitoa.
— Pole sana, mdogo wangu. Ukitoka njoo nikusuke, mistari ya kwenda nyuma isiyogusa sikio. Hulipi.

Kamaa wa Lanet: Na Dettol je?