Namna ya Kuwa na Maoni Yenye Uzito Kuhusu Timu ya Chuo: Mwongozo wa Mshabiki wa Nebraska Aliyeko Dar es Salaam

Mwongozo huu ni kwa ajili ya mtu anayeishi Dar es Salaam ambaye, kwa sababu moja au nyingine, amejikuta ameipenda timu ya chuo kikuu cha Marekani inayocheza futiboli ya Kimarekani, ile ya kofia ngumu na mpira wenye umbo la yai, na ambaye angependa maoni yake kuhusu timu hiyo yawe na uzito kuliko ubishi wa kawaida wa kijiweni. Timu yangu ni Nebraska, ya mji wa Lincoln. Niliirithi kwa kaka yangu, aliyekwenda huko kusomea kilimo akarudi na shati jekundu lenye herufi N kifuani. Mifano yangu yote itatoka kwenye timu hiyo kwa kuwa ndiyo iliyoniumiza kwa miaka mingi, na mtu huikumbuka vizuri timu iliyomuumiza.

Kuhusu shati hilo, nitoe tahadhari. Mimi ni Mwananchi, mtu wa Jangwani tangu utotoni, na siku ya kwanza nilipolivaa kwenda kunywa kahawa pale Sinza, muuza kahawa aliinua birika juu akatangaza kwa sauti, “Karibu Msimbazi, mzee wangu, tulijua ipo siku utaiona nuru.” Nilitumia vikombe viwili na kashata tatu kueleza kwamba wekundu huu unatoka jimbo la wakulima katikati ya Marekani wala hauna uhusiano wowote na Kariakoo. Hakuna aliyeniamini. Ukiwa Yanga, chagua chuo chenye rangi nyingine, au ujiandae kueleza.

Wapo pia wanaolitafsiri jina la utani la timu, Cornhuskers, kuwa wapukuchuaji wa mahindi. Tafsiri hiyo ina kasoro, kwa maana kupukuchua ni kutoa punje kwenye gunzi, ilhali jina hili linamhusu mtu anayemenya maganda ya hindi likiwa bado zima, kama anavyofanya muuza mahindi ya kuchoma kabla hajaliweka hindi juu ya mkaa. Mimi huwaita Wamenya Mahindi.

Panga saa zako kwanza

Maoni ya mtu ambaye hakuitazama mechi hayana thamani, na kutazama kunahitaji hesabu ya saa. Lincoln iko nyuma yetu kwa saa 8 hadi mwanzoni mwa Novemba, Wamarekani wanaporudisha saa zao nyuma, na baada ya hapo tofauti inakuwa saa 9. Kwa hiyo mechi ya Septemba inayoanza saa tano asubuhi kwa saa za huko inaanza saa moja usiku kwetu, ya saa nane na nusu mchana inaanza saa nne na nusu usiku, na ile ya saa kumi na mbili na nusu jioni inaanza saa nane na nusu usiku wa kuamkia Jumapili. Mechi moja huchukua zaidi ya saa tatu. Usitegemee kibanda umiza, kwa kuwa Jumamosi saa moja na nusu usiku hakuna mwenye kibanda atakayeiondoa mechi ya Uingereza kwenye skrini kwa ajili yako. Nunua bando, chaji simu mapema ukikumbuka kwamba umeme nao una ratiba yake, na ukishindwa kukesha, tazama marudio asubuhi kabla ya kuona matokeo popote.

Usiufuate mpira kwa macho

Mtu aliyelelewa kwenye soka hufuata mpira, na katika mchezo huu tabia hiyo itakufanya utoe maoni ya ovyo. Timu yenye mpira ina majaribio manne ya kusogea yadi 10, na kila jaribio huamuliwa kwa kiasi kikubwa na wanaume watano wakubwa wanaosimama mbele ya kotabeki, yaani yule mrushaji anayepokea mpira mwanzoni. Mpira unapoanza kuchezwa, waangalie hao watano na uhesabu kimoyomoyo moja, mbili, tatu. Adui akimfikia kotabeki kabla hujamaliza tatu, usimlaumu kotabeki. Akiwa na nafasi hadi tano na bado akaurusha kwa mtu wa timu pinzani, hapo unaruhusiwa kusema. Kwa kuhesabu tu namna hiyo, mtu anayetazama mchezo huu kwa mwezi wa kwanza anaweza kusema jambo la maana kuliko mwenye miaka kumi ya kupiga kelele.

Tofautisha bahati mbaya na uzembe

Hapa ndipo mashabiki wengi huanguka, na mimi nilianguka vibaya.

Mwaka 2021 Nebraska ilishinda mechi 3 na kupoteza 9. Kila mechi kati ya hizo tisa ilipotea kwa tofauti isiyozidi pointi 9: Illinois 30 kwa 22, Oklahoma 23 kwa 16, Michigan State 23 kwa 20 katika muda wa nyongeza, Michigan 32 kwa 29, Minnesota 30 kwa 23, Purdue 28 kwa 23, Ohio State 26 kwa 17, Wisconsin 35 kwa 28, Iowa 28 kwa 21. Kwa kuwa mechi tatu ilizoshinda ilizishinda kwa tofauti kubwa, ukijumlisha pointi zote za msimu mzima unakuta timu hiyo ilifunga pointi 63 zaidi ya zile ilizofungwa. Timu iliyopoteza mechi tisa ilikuwa na hesabu ya timu inayoshinda. Mimi, kama mashabiki wengine wengi, nilizichukua hesabu hizo nikatangaza kwamba tuna bahati mbaya tu na kwamba mwaka unaofuata mambo yatajinyoosha yenyewe.

Laiti ningekaa na kuandika jinsi mechi hizo zilivyopotea, nisingesema hivyo. Huko Illinois mchezaji wetu aliudaka mpira wa kiki karibu kabisa na mstari wetu wa goli, kisha akautupa, tukatozwa pointi mbili. Kwa Oklahoma, kiki yetu ya pointi moja, ile inayopigwa baada ya kufunga, ilizuiwa na mpira ukakimbizwa hadi upande wa pili wa uwanja, wakapewa pointi mbili. Kwa Michigan State tulikuwa tunaongoza 20 kwa 13 robo ya mwisho, tukapiga kiki ya kuondosha mpira ikaenda upande ambao hatukuwa na watu, mpinzani akaudaka akakimbia yadi 62 bila kuguswa hadi akafunga. Kwa Iowa tulikuwa mbele 21 kwa 6, kiki yetu ikazuiwa, wakaufuata mpira wakafunga. Kosa la aina moja linapotokea mara nne katika msimu mmoja, aliyelifanya hawezi tena kumsingizia shetani. Vikosi vya kiki havikuwa vimefundishwa, na hilo ndilo lilikuwa oni sahihi la mwaka 2021, lililoweza kupatikana kwa yeyote aliyekuwa tayari kutazama sehemu ya mchezo ambayo watu wengi huitumia kwenda chooni.

Kwa hiyo kila kiki ipe jicho. Ukiona mpigaji anapiga kwenda upande mmoja huku wenzake wakikimbilia mwingine, andika. Ukiona mpokeaji anaufuata mpira kinyumenyume kuelekea mstari wake, andika pia.

Andika oni lako kabla ya mechi

Nunua daftari dogo. Kabla ya kila mechi andika sentensi mbili: unadhani nini kitatokea, na kwa sababu gani. Weka tarehe. Baada ya mechi usiyarekebishe maneno hayo hata kwa herufi moja, maana akili ya mshabiki ina ustadi wa ajabu wa kukumbuka kwamba ilijua tangu mwanzo.

Ukurasa wangu wa tarehe 27 Agosti 2022 unasema hivi: “Tutashinda kwa zaidi ya kumi. Bahati imerudi.” Siku hiyo Nebraska ilicheza na Northwestern mjini Dublin, Ireland, na angalau mara hiyo mechi ilitujia kwa saa za kistaarabu, saa moja na nusu jioni, hata nikawakaribisha majirani wawili na kuagiza chipsi kuku. Northwestern ndio tuliowafunga 56 kwa 7 mwaka uliotangulia. Robo ya tatu tulikuwa tunaongoza 28 kwa 17, mpira wa kuanzishia ukiwa wetu, na badala ya kuupiga mbali kama kawaida, kocha Scott Frost aliagiza kiki fupi ya kushtukiza ili tuunyakue wenyewe. Northwestern wakaunyakua wao. Wakafunga, wakafunga tena, mechi ikaisha 31 kwa 28. Jirani mmoja, ambaye hadi leo hajui sheria za mchezo huu, aliniuliza kwa upole, “Sasa, kaka, kama mlikuwa mnaongoza, hiyo ya kubahatisha ilikuwa ya nini?” Alikuwa ametoa oni bora kuliko yote niliyoyaandika kwa mwaka mzima. Frost alifukuzwa tarehe 11 Septemba, siku moja baada ya Georgia Southern kutufunga 45 kwa 42 nyumbani kwetu, akiwa ameshinda mechi 16 na kupoteza 31. Na huyu ndiye aliyekuwa kotabeki wa timu iliyotwaa ubingwa mwaka 1997, mtoto wa nyumbani ambaye sote tuliapa kwamba hawezi kushindwa.

Chagua kipimo cha haki

Tom Osborne aliifundisha Nebraska kwa miaka 25, kuanzia 1973 hadi 1997, akashinda mechi 255, na hakuna msimu hata mmoja alioshinda chini ya mechi tisa. Alitwaa ubingwa wa taifa mwaka 1994, 1995 na 1997, huo wa mwisho ukigawanywa na Michigan kwa kuwa wakati huo bingwa alipatikana kwa kura na wapiga kura walitofautiana. Tangu hapo hatujapata ubingwa. Shida ni kwamba mashabiki walikitumia kipimo cha Osborne kuwapimia waliomfuata: Frank Solich alifukuzwa mwaka 2003 baada ya kushinda mechi 9 na kupoteza 3, na Bo Pelini naye akafukuzwa mwaka 2014 akiwa na rekodi ileile ya 9 na 3. Leo mshabiki wa Nebraska akipewa ushindi wa mechi tisa ataoga maua. Kila unapotaka kusema kwamba kocha hafai, jiulize kwanza unamlinganisha na nani, na kama huyo unayemlinganisha naye bado anawezekana.

Hata hivyo, usiwacheke watu wa Lincoln. Jimbo lao lina watu wapatao milioni mbili na halina timu ya kulipwa ya mchezo huu, kwa hiyo mapenzi yote yanakwenda chuoni. Uwanja wao, Memorial Stadium, una nafasi zaidi ya 85,000, wakati Uwanja wetu wa Benjamin Mkapa una 60,000, na tiketi za Memorial Stadium zimekuwa zikiuzwa zote kila mechi tangu mwaka 1962. Zile mechi tisa za 2021, za nyumbani kati yake zilichezwa mbele ya uwanja ulionunuliwa wote. Kwetu ukipoteza mara tatu mfululizo, hata ndugu wa kipa haji.

Kumbuka kwamba ni wanafunzi

Kijana unayetaka kumtukana ana umri wa miaka kumi na minane au ishirini, na wiki hiyohiyo huenda ana mtihani. Mseme kocha, ambaye analipwa mamilioni ya dola, na mchezaji mseme kwa alichokifanya uwanjani tu. Ni kweli kwamba tangu tarehe 1 Julai 2021 wanafunzi hawa wanaruhusiwa kupata fedha kupitia majina yao, na kwamba siku hizi wanahama chuo kwa wepesi kiasi kwamba Januari imekuwa kama dirisha la usajili la Simba na Yanga, lenye uvumi wake na picha zake za uwanja wa ndege. Hilo linabadilisha jambo moja kwa mtoa maoni: oni lolote kuhusu mchezaji lina mwisho wa matumizi. Futa ukurasa wa wachezaji kila Februari, uanze upya.

Jambo la mwisho ni kwamba utajifunza kuwa sahihi bila kufurahi. Usiku wa kuamkia tarehe 30 Novemba 2024, kabla ya mechi na Iowa iliyoanza saa tisa na nusu kwetu, niliandika: “Mechi ya pointi chache. Tusipouangusha mpira, ni yetu.” Zikiwa zimebaki sekunde chache, matokeo 10 kwa 10, kotabeki wetu Dylan Raiola akabanwa akauangusha mpira, Iowa wakauchukua, na mpigaji wao akaupitisha katikati ya milingoti kutoka yadi 53 muda ukiisha. Adhana ya alfajiri ilikuwa imeshapita, daladala zimeanza kupiga honi, na mke wangu akatoka chumbani kuuliza kama tumeshinda safari hii. Nikampa daftari asome.