Kuchagua nichi ya websaiti ya afilieti ukiwa Malindi

Vijana wengi hapa Malindi wakitaka kufungua websaiti ya afilieti, yaani unaeleza bidhaa za watu na mtu akinunua kupitia linki yako unapata kamisheni, wanakimbilia "safari Kenya" ama "hoteli Malindi", na hapo walahi ushapotea, manake ukigugo hayo maneno peji ya kwanza imejaa makampuni makubwa yenye waandishi na bajeti. Wewe na simu yako hutawapita. Nichi ni soko dogo, watu wa aina moja wenye shida moja na pesa ya kuitatua, na ndo hiyo tunatafuta.

Hatua ya kwanza, chukua daftari uandike vitu unavyovijua kwa kuvifanya. Unapeleka wageni kuona samaki kwenye mwamba kule Watamu? Unajua kaiti za upepo kule Mambrui? Unaongea Kitaliano? Hiki cha mwisho watu wa hapa wanakidharau sana na ndicho kinanishangaza, kwa sababu Kiingereza kimejaa washindani dunia nzima, ila Kitaliano wanaoandika ni wachache zaidi na sisi tumekiokota bichi bila kwenda shule.

Hatua ya pili, punguza. Tuseme umechagua vifaa vya kuogelea na snokeli, ile mirija ya kupumulia ukiangalia samaki. Bado ni pana mno. Punguza iwe maski za snokeli, halafu maski za watu wanaovaa miwani. Sasa hapo kuna kitu! Ukivaa miwani ya kawaida ndani ya maski, ile mikono yake inainua mpira usoni na maji yanaingia, kila mtu aliyepeleka wageni ashaliona hilo, na mgeni yule anarudi kwenye boti amekasirika hajaona hata samaki mmoja. Ziko maski zenye lenzi za namba kama za miwani, watu wengi hawajui zipo wala hawajui wachague namba gani, na wewe unaweza kuwaeleza. (Wenye masharubu makubwa nao wanavujiwa, hiyo ni makala nyingine ya bure nimekupa.)

Tatu, hakikisha watu wanatafuta. Anza kuandika kwenye Google, mfano "maschera snorkeling graduata" (ndo hiyo maski ya lenzi za namba kwa Kitaliano), uangalie inakumalizia vipi, hayo ni maswali ya watu wa kweli. Kisha ingia Google Trends, inayoonyesha neno linatafutwa sana lini, weka nchi Italia na miaka 5 iliyopita. Hapa wengi wanachanganyikiwa na msimu: sisi bahari safi ni wakati wa kaskazi, Desemba mpaka Machi hivi, lakini Mzungu ananunua maski kwa ajili ya joto la kwao Juni hadi Agosti, wakati huku kusi inavuma na maji yamechafuka. Kwa hivyo makala iwe tayari kabla ya Mei.

Nne, soma peji ya kwanza. Ukikuta blogu ndogo, majibu ya jukwaani na makala za zamani, ingia. Ukikuta maduka makubwa tu, rudi hatua ya pili upunguze tena.

Tano ni hesabu, na hapa usijidanganye. Maski ya dola 40 kwa kamisheni ya 3% ni dola 1.20. Watu 100 wakinunua una dola 120. Ndo maana napenda nichi ambayo mtu akishanunua kimoja anahitaji na vingine, mapezi, viatu vya maji, hata tiketi ya safari ya boti, ambayo mara nyingi kamisheni yake ni kubwa zaidi. Angalia pia kuki, ile alama inayokumbuka kuwa mnunuzi ametoka kwako, inakaa muda gani, ya Amazon, lile duka kubwa la mtandaoni, ni saa 24 tu, na usome wanalipa kwa njia gani kabla hujaandika chochote. PayPal unaitoa kwa M-Pesa, ila kuna programu za afilieti hazilipi kwa PayPal kabisa. Akaunti ya Amazon.it na ya Amazon.com ni mbali mbali, kila moja unajisajili kivyake, na neno Amazon usiliweke kwenye jina la websaiti, hawaruhusu.

Na usijisajili leo. Amazon wanataka uuze angalau mara 3 ndani ya siku 180, la sivyo wanafunga akaunti, kwa hivyo andika kwanza makala kama 10 za kusaidia watu, ukiona wasomaji wameanza kuingia ndo ujisajili uchukue linki.