Kuurudishia Mto Njia ya Samaki: Mwongozo kwa Mito Inayoshuka Ziwa Nyasa

Mwongozo huu unamhusu ofisa uvuvi wa halmashauri, mwanabiolojia kijana aliyekabidhiwa mto wake wa kwanza, na kamati ya mazingira ya kijiji inayojiuliza ianzie wapi. Mito ninayoizungumzia ni ile inayotoka milima ya Rungwe na Uporoto na kuteremka hadi Kyela, kama Kiwira, Mbaka na Lufilyo. Samaki ninayemlenga ni mbasa (Opsaridium microlepis), ambaye huishi ziwani na kupanda mitoni majira ya mvua ili atage kwenye changarawe inayopitiwa na maji ya kasi. Mbasa si wa ukoo wa salmoni, lakini maisha yao yanakaribiana kiasi kwamba mengi yaliyojulikana katika kufufua mito ya salmoni huko Marekani na Ulaya yanatufaa na sisi. Jambo lisilofaa kunakiliwa ni viwango vya joto: mayai ya salmoni hutaka maji ya baridi, yasiyozidi nyuzi 13 hivi za Selsiasi, na atakayevitumia viwango hivyo Kyela ataandika ripoti kwamba mto umekufa ilhali uko salama.

Miradi mingi ya kufufua mito huanza na miche ya miti na vifaranga vya samaki, kwa kuwa hivyo ndivyo vinavyopendeza siku ya uzinduzi. Mimi nashauri vije mwisho. Kwanza ondoa kinachomzuia samaki kupita, kisha zuia udongo unaotoka mashambani na barabarani, halafu tengeneza kingo, na kama bado pana haja, ndipo uguse sakafu ya mto.

Hatua ya kwanza: tembea mto mzima na wenyeji

Tembea kuanzia chanzo hadi mdomoni, mara moja wakati wa kiangazi na mara nyingine mvua zikiwa zimekolea, kwa sababu kizuizi kinachoonekana kiangazi huweza kufunikwa na maji masika, na kinyume chake. Ambatana na wavuvi wazee na wakulima wa vinyungu (bustani za mabondeni), uwaulize samaki walikuwa wakionekana mpaka wapi, maji yalikuwa yakifika jiwe gani, na ni mwaka gani banio (kizuizi cha kuelekeza maji mferejini) au barabara fulani ilijengwa. Andika kila kitu pamoja na majira ya nukta (GPS) kutoka kwenye simu.

Kabla ya kurudi nyumbani, pita ofisi ya kijiji, halmashauri na Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Nyasa. Kazi yoyote ndani ya mkondo inagusa Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009, na kazi ya kingo inagusa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, ambayo kifungu chake cha 57 kinazuia shughuli za kudumu, au zenye kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Jumuiya ya watumiaji maji ikiwapo, ifanye iwe mwenyeji wa mradi, wewe uwe mgeni wake.

Hatua ya pili: pima kabla hujagusa kitu

Kwa wingi wa maji, chagua kipande kilichonyooka cha mita 10, pima upana na vina kadhaa ili upate eneo la mkato (upana mara wastani wa kina), kisha tupa chungwa na uhesabu sekunde zake. Gawanya mita 10 kwa sekunde hizo upate kasi, zidisha kasi kwa eneo, halafu kwa 0.85, kwa kuwa maji ya juu hukimbia kuliko ya chini. Chungwa halina aibu hata mbele ya mhandisi. Linaelea sehemu yake kubwa ikiwa imezama, hivyo upepo haulisukumi sana.

Kipimo muhimu zaidi ni cha changarawe. Tafuta ndoo ya plastiki, ikate kitako, uizamishe sakafuni huku ukiizungusha mpaka ishike vizuri. Ndani ya ndoo maji yanatulia, kwa hiyo unapochimba kwa mkono hadi sentimita 15 au 20, tope laini halichukuliwi na mkondo. Toa changarawe yote uiweke kwenye beseni, kisha koroga maji yaliyobaki ndani ya ndoo na kuyachota kwa kikombe mpaka tope lililomo liishe. Chekecha vyote kwa wavu wenye matundu ya milimita moja, maji yenye tope uyaache yatulie usiku kucha kwenye chupa angavu. Asubuhi utaona matabaka: mchanga chini, tope juu yake, na mara nyingi utando wa rangi ya chai kileleni. Linganisha ujazo wa tope na mchanga huo na ujazo wa changarawe. Kwenye mito ya salmoni, chembe laini zikikaribia sehemu moja kwa tano, mayai huanza kufa kwa wingi, kwa sababu maji yenye oksijeni hayapenyi tena kati ya mawe. Kwa mbasa chukulia kiwango hicho kama dalili ya hatari tu, na ulinganishe sehemu yako na kijito kinachotoka msituni ambacho hakijaguswa.

Wadudu wa majini watakusaidia pia. Tanzania ina mfumo wake wa kuupa mto alama kwa kutazama familia za wadudu hao, unaoitwa TARISS. Tibua mawe mbele ya wavu. Ukipata aina nyingi za lava wenye mikia mirefu na wale wanaojijengea vijumba vya mchanga, maji ni mazuri, lakini ukipata minyoo myekundu peke yake, uchafu umeshazidi.

Hatua ya tatu: fungua njia

Huko Washington, Marekani, bwawa la chini la mto Elwha lilijengwa mwaka 1913 bila njia ya samaki, na salmoni wakabakiwa na takriban kilomita 8 tu za mto karibu na bahari. Mabwawa yake mawili yalibomolewa kati ya mwaka 2011 na 2014, na samaki wakaanza kupanda tena wenyewe. Sisi hatuna mabwawa makubwa ya namna hiyo kwenye kila mto, ila tuna vizuizi vidogo vingi vinavyofanya kazi ileile: banio la skimu ya mpunga, kalavati la barabara ya kijiji, na nyavu au migono iliyotandazwa kutoka ukingo hadi ukingo.

Kalavati lichunguze mambo matatu. Je, mdomo wake wa chini unaning'inia juu ya maji? Je, maji yanayopita ndani ni membamba kiasi cha kuacha mgongo wa samaki wazi? Je, yanakimbia bila mahali pa kupumzikia? Salmoni mkubwa huruka mita kadhaa, mradi chini yake pawepo kilindi chenye kina cha takriban mara moja na robo ya urefu anaouruka. Mbasa usimpe mtihani huo. Jenga ngazi za mawe makubwa upande wa chini, kila ngazi isizidi sentimita 15 hadi 20, mpaka maji ya kilindi cha mwisho yaingie ndani ya kalavati. Sakafuni pachika mawe kwa zege ili kuvunja kasi. Ukipata nafasi ya kushauri barabara inapojengwa upya, omba daraja dogo lisilo na sakafu ya zege.

Kuhusu banio, usizungumzie kubomoa. Wakulima wa mpunga watakufukuza, na haki watakuwa nayo. Omba pengo lenye mbao za kufungulia, liachwe wazi usiku samaki wanapopanda, wakati ambao kwa kawaida mto una maji ya kutosha pande zote mbili. Mdomo wa mfereji uwekewe wavu wa chuma ili vifaranga wasiishie majarubani. Nyavu za mdomoni mwa mto ni suala la ofisa uvuvi na wavuvi wenyewe, na linataka subira kuliko zege. Utupa na sumu nyingine havina mjadala: Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inakataza.

Hatua ya nne: zuia udongo unakotoka

Tope linalofunika changarawe Kyela aghalabu limeng'oka Rungwe na Busokelo, kwenye matuta ya viazi yaliyolimwa kuteremka mlima, kwenye mifereji ya barabara inayomwaga moja kwa moja mtoni, kwenye matanuri ya matofali yaliyo ukingoni, na pale ng'ombe wanaposhukia kunywa. Mvua ikinyesha kwa nguvu, panda juu uyafuate maji mekundu mpaka yalikoanzia. Saa moja ya mvua hukuonyesha zaidi ya ramani.

Mkulima wa viazi mweleze faida yake mwenyewe: matuta yanayokinga mteremko huzuia mbolea aliyoinunua isiende na maji. Kwa barabara, kata michirizi ya kutawanyia maji kwenye majani kabla hayajafika darajani. Kwa mifugo, birika moja lililowekwa mbali na ukingo, lenye maji ya mserereko, huokoa mita nyingi za kingo.

Hatua ya tano: kingo, na sakafu ikibidi

Panda matete na mabingobingo karibu na maji, nyuma yake mivengi na mikuyu. Mikaratusi iliyo kwenye vyanzo iondolewe kidogo kidogo, visiki vikiachwa ardhini mpaka miti mingine ishike, la sivyo ukingo utamomonyoka msimu uleule. Magogo na mawe makubwa ya kutengeneza vilindi yawekwe pale tu ambapo hatua zilizotangulia zimekamilika, na kamwe yasiwekwe mtoni upande wa juu wa daraja jembamba.

Hatua ya sita: rudia vipimo, na vifaranga viwe mwisho

Rudia ndoo, chungwa na wavu mahali palepale, mwezi uleule kila mwaka. Waombe wavuvi wachache waandike samaki waliopata kwa kila usiku wa kutega, kwa kuwa idadi isiyo na juhudi iliyotumika haisemi kitu.

Njia ikiwa wazi na changarawe ikiwa safi, mbasa hupanda bila kupelekwa. Ikibidi kupandikiza, wazazi watoke mto huohuo, wala usikubali kuletewa sato wa mabwawani au trauti kwa kisingizio cha kuongeza samaki. Trauti ni mgeni mlaji wa samaki wadogo, na kwenye kijito cha baridi ambako hayupo, aachwe asiwepo.