SOMO: SSD ya M.2 kwenye laptopu, SATA au NVMe? Soma kabla hujatoa hela

Wadau, SSD ni diski ya kuhifadhia mafaili isiyo na kitu kinachozunguka ndani, na inboksi yangu ni wimbo mmoja: "Mkuu, SSD imeingia vizuri ila haionekani." Naandika mara moja, atakayeuliza tena namtumia linki.

1. Zima, chomoa chaja, fungua mfuniko, chomoa na betri.

2. Tafuta sloti ya M.2 (tundu jembamba la kuchomeka SSD kwenye ubao mkuu). Kama haipo, weka SSD ya SATA ya inchi 2.5 badala ya HDD (diski ya zamani inayozunguka). Bado utaona tofauti kubwa.

3. HAPA NDIPO WENGI WANALIWA. M.2 ni umbo tu. Ndani yake inaweza kupita SATA, mfumo wa zamani wa kuunganisha diski, au NVMe, mfumo mpya unaotumia PCIe, yaani njia za kasi zinazounganisha kadi na ubao mkuu. SATA inagota kwenye MB 550 hivi kwa sekunde. NVMe ya PCIe 3.0 yenye njia nne inafika MB 3,500. Angalia meno ya dhahabu: SSD yenye pengo moja, meno matano pembeni, kwa kawaida ni NVMe. Yenye mapengo mawili mara nyingi ni SATA, na hiyo ndiyo mtego: inaingia hata kwenye sloti iliyounganishwa na PCIe peke yake. Inakaa, skrubu inafunga, BIOS (programu ya kwanza kuwaka kwenye kompyuta) haioni kitu. Muuzaji akikwambia "zote sawa hizo", ondoka. Chukua modeli kamili chini ya laptopu, usome maelezo ya mtengenezaji.

4. Urefu: 2280 ni upana mm 22, urefu mm 80. Pima.

5. Ingiza kwa mshazari, laza, funga skrubu.

Swali: Mkuu yangu ni HP, itakubali?
Jibu: HP gani? Hatua ya 3.

Swali: Sloti ni PCIe 3.0, SSD niliyopata ni 4.0. Haitaungua?
Jibu: Swali zuri. Haiungui. PCIe tangu 2003 matoleo yake yanaelewana, pande mbili zinafuata mwendo wa aliye mdogo. Ila ukipata ya 3.0 kwa bei ya chini, chukua hiyo. Ziada ya 4.0 hutaiona.

Swali: Kwa hiyo zote zinaingia tu?
Jibu: Kuingia si kufanya kazi. Soma tena.

Swali: Desktopu yangu ya zamani haina M.2, ina PCIe tu.
Jibu: Kuna kadi ya adapta, bei yake ndogo. Windows 10 itaiona NVMe, ila BIOS nyingi za zamani haziwezi kuwasha Windows kutoka humo. Acha Windows kwenye SATA, NVMe iwe ya mafaili.

Swali: Na HDD niliyotoa?
Jibu: Nunua kasha la USB la inchi 2.5, unapata diski ya nje. Halafu ukiwa dukani omba na skrubu ya M.2, SSD nyingi huja bila hiyo. Msibandike selotepu jamani, ndani mle kuna joto.