Nyumba imeungua na una bima: hivi ndo hela inavyotoka

Kazi yangu ni kukadiria hasara za moto hapa Dar, na inaniuma sana kuona mtu kalipia bima miaka kibao halafu siku ya siku anaambulia nusu. Fuata hivi.

1. Ripoti siku hiyohiyo kwa kampuni au wakala wako, piga simu na pia andika. Chukua RB polisi na ripoti ya Zimamoto, bila hizo faili lako litalala tu.

2. Usifagie kitu! Piga picha na video kila chumba kabla hamjagusa, hadi mabati yaliyojikunja na friji iliyoyeyuka, sababu mkadiriaji anahesabu anachokiona. Ukuta unaotaka kuanguka uondoe, ila picha kwanza.

3. Orodhesha vitu vya ndani na risiti kama zipo, halafu cheki kama mkataba unavigusa kabisa, wengi wamekatia jengo tu.

4. Hapa ndo penye kilio. Tuseme kuijenga nyumba ni milioni 120 ila we ulikatia milioni 60 ili ada iwe ndogo. Ikiteketea yote, mwisho wako ni hiyo 60. Ikiungua sehemu, hasara ya milioni 40, usitegemee 40, utapewa 20 kwa sababu ulikatia nusu ya thamani, na hapo bado hawajatoa kile kiasi cha kwanza unachobeba mwenyewe. Kwahiyo kila ukirenew muulize fundi bei ya kujenga LEO, weka na gharama ya kuzoa kifusi, ila kiwanja usikihesabu, kiwanja hakiungui. Na uliza kama unalipwa kwa bei ya kujenga upya au wanakata uchakavu, nyumba ya miaka 20 hiyo tofauti ni kubwa mno.

5. Kama nyumba ina mkopo, benki inachukua deni lake kwanza, kinachobaki ndo chako.

6. Wakikuletea dischaji vaucha, ile karatasi ya kukubali malipo, usisaini haraka jamani, ukishasaini umekubali kwamba yameisha. Omba mchanganuo wa hesabu kwa maandishi, mpe fundi au mkadiriaji wako aupitie, pingana nao kipengele kwa kipengele. Wakigoma peleka malalamiko TIRA, mamlaka inayosimamia bima, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ukiwa na zile picha na barua zote.