Somo: Kengele ya kukuonya kabla tangi la maji taka halijafurika

Wengi wetu tunajua tangi limejaa siku maji ya bafuni yanapogoma kushuka, au chemba ya nje inapoanza kutema wageni wakiwa sebuleni. Hapo ndipo simu za kutafuta gari la kunyonya zinapoanza, na kama ni masika Dar, kila gari lina foleni. Kengele hii inakupa muda wa kujipanga. Vifaa vyote vinapatikana maduka ya umeme na ya mabomba.

Jua kwanza una tangi la aina gani

Kama tangi lina bomba la kutokea kwenda shimo la kupotezea maji, kimo chake cha kawaida ni usawa wa bomba hilo, mwaka mzima. Floti ya kengele (swichi inayoelea, maji yakiinuka inawasha kengele) ifungwe sentimita 5 hadi 10 juu ya usawa huo. Ikilia, maji hayatoki. Usiipandishe zaidi, kwa sababu bomba la kuingilia huwa juu ya lile la kutokea kwa sentimita chache tu, na maji yakishalifunika yanaanza kurudi chemba.

Kama tangi limefungwa, halina pa kutokea, piga hesabu. Chukua tangi la mita 2 kwa 1.5: kila sentimita 10 za kimo ni lita 300. Familia ya watu 6, kila mmoja akitumia lita 80 kwa siku, inaingiza lita 480, yaani sentimita 16 kila siku. Ukitaka onyo la siku tatu, funga floti sentimita 48 chini ya bomba la kuingilia. Mtaa wenu gari linachelewa? Shusha zaidi. Kimo ndicho kazi yenyewe. Waya ni rahisi.

Vifaa

Floti ya waya, ile ile ya tangi la maji safi, yenye waya mrefu wa kufika nje ya shimo bila kuungwa. Betri ya volti 12 ndogo kama za UPS na chaja yake, kengele ya volti 12, taa nyekundu ya LED, fyuzi ya ampea 1, swichi moja, kitufe cha kujaribia, kasha lisiloingiza maji, bomba la PVC, kebo tai na silikoni.

Hatua

1. Floti nyingi zina waya tatu. Usiamini rangi, kila kiwanda kina zake. Weka mita ya kupimia umeme (multimeter) kwenye alama ya mlio, inua floti kichwa juu, tafuta waya mbili zinazolia ikiwa juu na kunyamaza ikiwa chini. Wa tatu ufunge kwa tepu.

2. Fungua mfuniko, kaa upande upepo unakotokea, acha hewa itoke. Hakuna sigara, hakuna kiberiti. Na usiingie ndani, hata kama floti imekuponyoka. Gesi ya mle ikizidi inaua pua kwanza, huisikii harufu tena, halafu unaanguka. Anayeruka kukuokoa naye anabaki humo.

3. Funga waya wa floti kwenye bomba la PVC ukiwa juu, kisha shusha bomba na ulikaze mdomoni mwa shimo. Kati ya fundo na floti acha waya wa sentimita 10 hadi 15 ucheze. Fundo ndilo liwe kwenye kimo ulichochagua. Floti ikae mbali na bomba la kuingilia, maana karatasi na pedi zitaizonga. Funga pia kamba ya nailoni kwenye floti, ncha yake ibaki karibu na mfuniko.

4. Maungio yote yafanyike ndani ya kasha nje ya shimo. Gesi ile inaigeuza shaba nyeusi na kuila. Bomba la waya kuelekea nyumbani lizibe kwa silikoni, vinginevyo umeileta harufu jikoni.

5. Chanya ya betri ipite kwenye fyuzi, iingie waya mmoja wa floti. Waya wa pili uende kwenye taa na kengele kwa pamoja, kisha hasi. Swichi ya kunyamazisha ikae kwenye njia ya kengele pekee, ili taa iendelee kuwaka na mtu asisahau. Kitufe cha kujaribia kiunganishe waya mbili za floti.

6. Kila mwezi vuta ile kamba mpaka kengele ilie. Kitufe kinakuhakikishia betri na kengele tu. Floti iliyonata kwenye mafuta, au waya uliotafunwa na panya, hakitakuonyesha.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, kwa nini nisiunge umeme wa ukutani moja kwa moja?*
Kwa sababu waya utakuwa kwenye unyevu na gesi inayoweza kuwaka. Pia umeme ukikatika, kengele imekatika.

*Inaweza kunitumia meseji nikiwa safarini?*
Ndiyo, kuna vifaa vya laini ya simu vinavyopiga au kutuma meseji waya mbili zikigusana. Ila laini iwe na salio na itumike mara kwa mara, isije ikafungwa.

*Kwangu Kigamboni inalia mvua ikinyesha tu, ikikatika inanyamaza.*
Angalia kwanza maji ya paa yanaishia wapi. Wengine wameyaelekeza chemba. Kama siyo, ardhi imejaa maji na shimo la kupotezea halipokei. Usitapishe mtaroni, majirani wanayakanyaga hayo. Na kama tangi lako ni la plastiki, usilinyonye lote kipindi hicho, maji ya chini yanaweza kulinyanyua.

*Fundi, nililipa gari likanyonya, wiki mbili baadaye nachungulia limejaa tena. Nimeibiwa?*
Lina bomba la kutokea? Basi hujaibiwa, dada. Kwa tangi la lita 4,500 na familia ya hesabu yetu, siku 9 au 10 zinatosha kulirudisha kwenye kimo chake. Pima kwa fimbo: maji yakiwa usawa wa bomba la kutokea, funika uendelee na shughuli zako. Yakiwa juu yake, mwite fundi aangalie bomba hilo na shimo la kupotezea kabla hujalipia gari jingine.