Upupu ukikupata, usijikune

Kinachowasha ni vile vinyweleo vya kahawia vilivyo kwenye maganda ya upupu. Ukijikuna unavizamisha zaidi, na mikono inavihamishia shingoni. Vua nguo taratibu, kisha bandika selotepu kwenye ngozi na uibandue, kila mara kipande kipya, mpaka vinyweleo vipungue. Huna selotepu? Donge la unga wa ngano uliokandwa linanasa vilevile. Ndipo uoge kwa sabuni. Vikiingia machoni, suuza kwa maji mengi na uende zahanati.

Shambani, ng'oa mmea ungali mbichi. Maganda yakikauka, upepo tu unatosha kukuletea balaa. Nguo ulizovaa zifue peke yake. Mimi niliwahi kuzichanganya na mashuka, nyumba nzima hatukulala.